UCHAMBUZI: Hofu ya kutambuliwa yawazuia waraibu wa pombe Garissa kutafuta mkutano wa kwanza

MJADALA kuhusu pombe nchini Kenya umetawaliwa kwa miaka mingi na marufuku, leseni na misako. Julai 2025, sera mpya ya kitaifa iliyozinduliwa na serikali ilizua mtafaruku mkubwa kwa kupendekeza umri wa chini wa kununua pombe uongezwe kutoka miaka 18 hadi 21. Wenye mabaa walilalamika, wabunge wakapinga, na viongozi wa kidini wakaunga mkono.

Katika kelele hizo, swali moja halikupata nafasi. Je, mtu ambaye tayari ametekwa na pombe, na ambaye kwa hiari yake anataka kuiacha, aelekee wapi?

Jijini Nairobi swali hilo lina jibu la haraka. Mikutano ya chama cha Alcoholics Anonymous (AA), ambamo waraibu husaidiana bila kutajana majina kamili, hufanyika mara kwa mara katika kumbi za makanisa, hospitali na vituo vya ushauri. Anayeona haya kuhudhuria karibu na nyumbani huweza kupanda matatu hadi mtaa mwingine ambako hajulikani na yeyote.

Mjini Garissa, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, mambo ni tofauti kabisa. Kizuizi si umbali tu. Kizuizi kikubwa zaidi ni kwamba msaada wa aina hii hutegemea siri, ilhali katika mji huo siri ni bidhaa adimu kuliko maji wakati wa kiangazi.

Tatizo lisiloonekana

Eneo la Kaskazini Mashariki, linalojumuisha kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, lilikuwa na watu 2,490,073 kwa mujibu wa sensa ya 2019. Wengi wao ni Waislamu wa jamii ya Wasomali, na kwao pombe ni haramu bila mjadala.

Utafiti wa Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) uliofanywa 2022 ulionyesha kuwa Wakenya wapatao milioni 3.2 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 65, yaani mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakitumia pombe. Katika tafiti za aina hiyo, Kaskazini Mashariki huwa mkiani kwa unywaji wa pombe, na huwa miongoni mwa maeneo ya mbele kwa utafunaji wa miraa.

Takwimu hizo ni habari njema kwa jumla, lakini zina athari moja mbaya. Eneo lenye wanywaji wachache huonekana kuwa eneo lisilo na waraibu, na pasipoonekana mgonjwa hapapelekwi dawa. Aidha, mtu anayekunywa kwa kificho katika jamii inayoharamisha pombe hawezi kutarajiwa kumfungulia moyo karani wa utafiti aliyebisha hodi akiwa na dodoso mkononi.

Wanaohitaji msaada huo katika eneo hili ni wa makundi mawili, na matatizo yao hayafanani.

Kundi la kwanza ni la watumishi waliotumwa huko kutoka sehemu nyingine za nchi: polisi, wanajeshi, walimu, wauguzi, maafisa wa utawala na wafanyakazi wa mashirika ya misaada yanayohudumu katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991. Wengi wao huishi mbali na wake, waume na watoto wao kwa miezi mingi. Saa za jioni ni ndefu, burudani ni chache, na chupa hupatikana kwa anayejua mahali pa kuitafuta.

Kundi hilo pia limeishi na hofu isiyokwisha. Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua abiria 28 wa basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi, na baadhi ya waliouawa walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji wa Mandera. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi walikataa kurejea katika vituo vyao. Waliosalia, pamoja na maafisa wa usalama, walibaki na majeraha yasiyoonekana kwa macho, na wapo waliotafuta tiba yake katika glasi.

Mnamo 2020 jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Uraibu wa pombe ni sehemu ya janga hilo.

Kundi la pili ni la wenyeji. Hawa ni wachache zaidi, na mzigo wao ni mzito zaidi. Yupo kijana aliyeonja pombe akisoma Nairobi akarudi nayo nyumbani. Yupo dereva wa lori la masafa marefu. Yupo mtafunaji wa miraa aliyeanza kunywa ili apate usingizi baada ya usiku mzima wa kukesha. Mtumishi mgeni akijulikana kuwa mlevi huchekwa au kuandikiwa barua na mkuu wake. Mwenyeji akijulikana huiponza familia nzima, tangu posa za dada zake hadi heshima ya babake mbele ya wazee.

Simu iliyozaa chama

Ili kufahamu kinachokosekana Garissa, ni vyema kuelewa mikutano hii ilivyoanza na inavyoendeshwa.

Mei 1935, mfanyabiashara ya hisa kutoka New York, Bill Wilson, alijikuta peke yake katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, baada ya mpango wake wa biashara kuvunjika. Alikuwa amekaa bila pombe kwa miezi michache tu, na hamu ya kuingia katika baa ya hoteli ikaanza kumlemea. Badala ya kuingia, aliiendea simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa asiowajua, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye.

Simu hizo hatimaye zilimfikisha kwa Dkt Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye kazi yake ilikuwa imeyumba kwa sababu ya ulevi. Wawili hao walizungumza kwa saa kadhaa. Juni 10, 1935, siku ambayo Dkt Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Kisa hicho kina funzo kwa Kaskazini Mashariki. Mkutano wa kwanza kabisa haukuwa na ukumbi, bajeti wala mgeni wa heshima. Ulikuwa wa watu wawili, na ulipatikana kwa njia ya simu.

Mikutano ya leo haijabadilika sana. Kwa kawaida huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mmoja wa wanachama huongoza, hufungua kwa kusoma maandishi mafupi ya chama, kisha waliopo husimulia kwa zamu walivyokuwa, kilichotokea na wanavyoishi sasa. Anayezungumza hakatizwi wala hajibiwi. Mgeni hutaja jina moja tu, na akipenda hata hilo hulibadilisha. Halazimishwi kusema lolote. Anaweza kukaa nyuma, akasikiliza na kuondoka.

Hakuna daftari la mahudhurio wala ada ya uanachama. Kapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye na kitu hupisha tu. Sharti la kujiunga ni moja: mtu awe na nia ya kuacha kunywa. Ipo mikutano ya wazi ambayo jamaa na wanaotaka kujifunza huruhusiwa kuhudhuria, na ipo iliyofungwa kwa wenye tatizo pekee.

Je, utaratibu huu una manufaa? Uchambuzi wa kitaalamu wa shirika la Cochrane uliochapishwa Machi 2020, uliojumlisha tafiti 27 zenye washiriki 10,565, ulitoa jibu. Katika tafiti zilizokuwa na vipimo madhubuti, asilimia 42 ya waliosaidiwa na wataalamu kujiunga na AA na kufuata hatua zake walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 35 ya waliopewa tiba nyingine za ushauri. Tofauti hiyo si muujiza, lakini inapatikana kwa gharama ndogo mno.

Vizuizi vya Garissa

Kizuizi cha kwanza ni udogo wa mji. Garissa ni mji ambao mtu akiuliza njia huulizwa yeye ni wa nani. Ukoo, mtaa na msikiti humtambulisha kabla hajataja jina. Ahadi ya kutotajana majina, ambayo ndiyo nguzo ya mikutano hii, haina uzito iwapo kila aliyeketi chumbani anamjua shangazi ya mwenzake.

Kizuizi cha pili ni mahali pa kukutania. Sehemu nyingi duniani, ukumbi wa kanisa ndio chumba rahisi kupatikana. Mjini Garissa, Julai 1, 2012, washambuliaji walivamia makanisa mawili wakati wa ibada ya Jumapili na kuua zaidi ya watu 15. Tangu hapo makanisa ya mji huo yamekuwa yakilindwa na polisi wenye silaha.

Kwa afisa wa polisi aliye mraibu, kuingia katika ukumbi kama huo ni kupita mbele ya wenzake wa kazi. Kwa Mwislamu mwenyeji, kuonekana akiingia kanisani jioni ni kuzua swali jingine kubwa kuliko lile la pombe.

Hata hivyo, mkasa huo wa 2012 ulileta pia mfano mwema. Viongozi wa Baraza Kuu la Waislamu Kenya (SUPKEM) walitangaza kuwa vijana Waislamu wangesaidia kuyalinda makanisa ya Garissa. Mji ambao dini mbili ziliweza kukubaliana katika saa ya msiba hauwezi kushindwa kukubaliana juu ya chumba kimoja kisicho na alama ya dini yoyote, kiwe cha hospitali, cha shule au cha taasisi ya umma.

Kizuizi cha tatu ni cha kiimani, na hakifai kupuuzwa. Uislamu unamhimiza aliyeteleza atubie kwa Mola wake na asijianike. Kusitiri aibu, iwe ya nafsi au ya mwenzako, ni jambo lenye thawabu. Kwa mtazamo huo, kusimama mbele ya watu na kusema "mimi ni mlevi" huonekana kama kuitangaza dhambi ambayo Mungu ameifunika.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifungi mlango. Mgonjwa anayemweleza daktari maradhi yake hahesabiwi kuwa amejianika, kwa sababu anatafuta tiba mahali panapotunza siri. Mkutano unaoanza na kwisha kwa ahadi kwamba kilichosemwa hakitatoka nje unaweza kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Maimamu wa eneo hili ndio wenye sauti ya kuwaeleza waumini tofauti iliyopo kati ya kujivunia maovu na kutafuta msaada wa kuyaacha.

Tena, wapo Waislamu waliokwisha kuipita njia hiyo. Mnamo 1989, mjini Baltimore nchini Marekani, Waislamu waliokuwa wakipambana na uraibu walianzisha Millati Islami, kundi linalofuata hatua 12 zilizorekebishwa ili ziafikiane na mafundisho ya dini yao. Nchini Iran, ambako pombe imepigwa marufuku, mikutano ya kusaidiana ya waraibu wa dawa za kulevya imeenea na kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani.

Karibu zaidi na nyumbani ni Zanzibar. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, nyumba za upataji nafuu zimefunguliwa visiwani humo, nyingi zikiendeshwa na watu ambao wenyewe waliwahi kuwa waraibu, hasa wa heroini. Wakazi wake hukutana kila siku, hupitia hatua 12 kwa Kiswahili, na huswali pamoja. Jamii ambayo karibu watu wake wote ni Waislamu haikulazimika kuchagua kati ya imani na mkutano.

Nguvu haziwezi kuleta nia

Pengo lililopo halijakaa tupu. Baadhi ya familia za Kisomali, nchini na ughaibuni, zimekuwa zikiwapeleka vijana wao katika vituo vinavyoitwa dhaqan celis, maneno ya Kisomali yenye maana ya kurejesha utamaduni. Wanaopelekwa huko ni wanaoshukiwa kunywa, kutumia mihadarati au kuasi wazazi, na wengi hupelekwa bila ridhaa yao. Vituo vya aina hiyo, vikiwemo vya mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, vimelalamikiwa kwa kuwafungia watu na kuwapiga.

Wazazi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wamefika mwisho wa akili zao, na hawajui mahali pengine. Lakini tofauti kati ya njia hizo mbili ni kama usiku na mchana. Kituo cha kufungia humwondolea mtu chupa kwa muda anaokuwa ndani. Mkutano humkuta akiwa na nia, na humpa watu wa kumshika mkono siku atakapokuwa huru kununua chupa nyingine.

Familia nazo zina mahali pao. Tangu 1951, kundi la Al-Anon limekuwa likiwakutanisha wake, waume na wazazi wa walevi. Mama wa Garissa anayeficha ulevi wa mwanawe kwa miaka kumi anahitaji wa kumsikiliza sawa na mwanawe.

Hali ya wanawake wanaokunywa ni ngumu zaidi. Aibu ya mwanamume mlevi husahaulika akitubu. Ya mwanamke hudumu. Haiwezekani kumtarajia aketi katika chumba cha wanaume. Kwingineko duniani ipo mikutano ya wanawake pekee, na Kaskazini Mashariki haina budi kuwa nayo tangu mwanzo.

Njia iliyopo leo

Kwa mtu aliye tayari leo, hatua ya kwanza si mkutano bali usalama wa mwili. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kutoa jasho jingi, kupata kifafa au kuweweseka, hasa katika siku tatu za mwanzo. Hali hiyo inaweza kuua. Mtu wa aina hiyo anapaswa kumwona daktari, katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Garissa au kituo cha afya kilicho karibu, kabla ya kuacha.

Hatua ya pili ni simu. NACADA ina nambari ya bure, 1192, inayojibiwa saa 24, na anayepiga halazimiki kufika popote wala kuonana na mtu. Anaweza kuzungumza akiwa chumbani mwake na kuelekezwa kwa mshauri.

Hatua ya tatu ni mkutano wa mtandaoni. Janga la corona lilipofunga kumbi mnamo 2020, vikundi vya AA kote duniani vilihamia kwenye simu na kompyuta, na vingi havikurudi nyuma. Mwalimu aliye Wajir anaweza kuhudhuria mkutano wa Nairobi au wa London huku kamera yake ikiwa imezimwa. Kwa mara ya kwanza, mkazi wa mji mdogo amepata kile ambacho mkazi wa jiji alikuwa nacho sikuzote, yaani nafasi ya kuketi miongoni mwa watu wasiomjua.

Hata hivyo, sauti ya mbali haitoshi daima. Mtandao hupotea, bando huisha, na usiku wa tamaa huwa mrefu. Ndiyo maana hatua ya nne ni kumpata mtu mmoja wa karibu mwenye safari hiyo hiyo. Daktari, muuguzi au mshauri anayewahudumia waraibu wawili wasiojuana anaweza, kwa ridhaa ya kila mmoja, kuwakutanisha. Hapo mkutano umepatikana, kama ule wa Akron.

Jukumu la viongozi

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi mbili zinazohusika hapa, utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa dawa za kulevya. Katika kaunti za Kaskazini Mashariki kazi hizo zimeeleweka zaidi kwa maana ya kuzuia. Kuzuia kuna nafasi yake, lakini hakumtibu aliyekwisha kuzama, na mara nyingi humsukuma gizani zaidi.

Kaunti hazihitaji kuanzisha mikutano hiyo, kwa sababu ikiendeshwa na serikali itapoteza imani ya wanaohudhuria. Zinachohitaji ni kutoa chumba kisicho na kibao, kuwafunza wahudumu wa afya kuuliza kuhusu pombe bila kuhukumu, na kuhakikisha kuwa faili ya mgonjwa haisomwi na binamu yake.

Wakuu wa polisi, jeshi na tume ya walimu nao wana lao. Afisa akijua kuwa kukiri tatizo kutamnyima cheo, hatakiri hadi siku silaha aliyokabidhiwa ikiwa mikononi mwa mtu asiyejiweza. Anayejitokeza kwa hiari anastahili matibabu kwanza, na adhabu ibakie kwa anayekataa msaada na kuhatarisha wenzake.

Kwa wazee, masheikh na makasisi, kinachotakiwa ni kidogo kuliko hotuba. Ni kutomfukuza anayekuja usiku kuuliza, na kutorudia asubuhi alichokisema.